Bandika

Kabla ya hapo nilikuwa nakipiga picha kioo cha kompyuta,
picha yenye kivuli cha kidole gumba na nzi aliyetua juu ya neno,
naye Kageha, huko Nakuru, anakodoa macho,
ananakili herufi moja moja kama karani wa chifu,
sifuri anaisoma O, moja anaisoma L,
hata akachoka, akaniandikia:
"Lihanda, mimi si daktari wa eksirei.
Sakinisha bandika."

Ni mstari mmoja tu, akasema.
Mstari mmoja! Nikauandika saa tatu usiku
katika kibanda cha kupimia majani chai, Kaimosi,
mizani ikining'inia nyuma yangu, ndoano tupu,
na dirisha jeusi likanijibu bila salamu:
ruhusa imekataliwa.
Nikajua kosa langu. Hata bomani kwa watu
huingii bila kumtaja aliyekutuma.
Nikarudia, sasa kwa jina la mwenye mashine,
nikatoa nywila, ile isiyoonekana ukiiandika,
hata nukta moja haitokei,
unabonyeza gizani na kuviamini vidole.

Vikaanza kuja vialama, vimejipanga kama miche kitaluni.
Asilimia kumi. Thelathini na nane.
Kwenye sitini na moja mvua ikashuka juu ya mabati
na mtandao ukakimbia kujikinga nisikokujua.
Nikaiweka simu dirishani juu ya debe,
bando imebaki ya shilingi kumi na tano,
nikaiambia kwa Kitiriki maneno ambayo mama hakunifundisha.
Sitini na moja. Sitini na moja.
Sitini na mbili.

Kisha kimya.
Hakuna pongezi, hakuna kengele,
ila kishale kinapepesa, kama mtu anayengoja useme shida yako.
Mashine hizi zikifaulu hunyamaza,
zikishindwa ndipo huwa na maneno mengi.
Baba alikuwa kinyume chake.

Nikaitaja faili, nikachora kistari cha wima,
lile bomba, na mdomoni mwa bomba nikaandika bandika.
Mistari mia mbili na arobaini ikapita humo
ikarudi anwani fupi, herufi sita
zisizo na maana kwa Kiswahili wala kwa Kiluhya.
Nikamtumia hizo sita. Nikaketi.
Sikuwa nimekumbuka yaliyomo.

Maana ndani ya programu, penye alama iliyo kama kipande cha reli,
unaweza kujiandikia jambo na mashine ikaliruka.
Nami usiku baada ya usiku nilikuwa nimejiandikia:

# hapa sijui ninachofanya
# usiguse! ukigusa kilo za Mama Jerida zinaenda kwa jirani
# baba amelazwa tena. nitarekebisha kesho

Kesho hiyo ilikuwa na miezi mitano.

Dakika kumi na moja. Herufi sita nyingine zikaingia.
Nikaivuta faili: ni yangu, ila mkono wa pili umepita ndani.

# mstari wa 214, mkato umekosekana. ndiyo maana jumla ni sifuri
# mstari wa 198, sikujua. aliendeleaje?

Nikatia mkato.
Kilo zikarudi kwa wenyewe,
Mama Jerida arobaini na tatu nukta sita,
jirani yake kumi na tisa, kama alivyochuma.
Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, kidogo,
kama mtu aliyepata ufunguo baada ya kuvunja mlango.

Chini kabisa iliandikwa: kipande hiki kitajifuta baada ya siku moja.
Amri ya kukihifadhi naijua.
Nikachukua kalamu badala yake
na nyuma ya daftari la mizani nikaunakili ule wa pili,
herufi moja moja, kama karani wa chifu.

Halafu nikarudi kwenye 198,
nikaweka ile reli, nikaandika jibu,
maneno manne na tarehe.
Mashine italiruka.
Nikabandika.